Bamba la titani la 2.4 kwa taya la chini lililokatwa: tathmini ya kifaa na matumizi yake

Mgonjwa wa ameloblastoma mara nyingi hufika hospitali amechelewa, na si kwa uzembe wake. Uvimbe huu huota ndani ya mfupa wa taya la chini, hasa eneo la magego na kona ya taya, na kwa muda mrefu hauumi. Meno yanalegea kidogo, shavu linajaa, mtu anang'olewa gego moja au mawili akiambiwa tatizo ni jino, na huku mfupa unaendelea kuliwa. Si saratani. Lakini ukikwanguliwa tu na mfupa ukaachwa, kwa wagonjwa wengi hurudi, kwa sababu chembe zake hujipenyeza kwenye mfupa wa sponji milimita kadhaa nje ya mpaka unaoonekana kwenye eksirei. Ndiyo maana kwa aina ya kawaida ya uvimbe huu madaktari hukata kipande kizima cha taya, wakichukua pamoja nacho sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kila upande.

Kipande hicho kikitoka, taya linakuwa vipande viwili visivyoshikana. Kinachovishikanisha, angalau kwa muda, ndicho kifaa tunachokitathmini hapa: bamba refu la titani la mfumo wa milimita 2.4 lenye skrubu za kujifunga. Katika chumba cha upasuaji wengi huliita pleti. Wagonjwa na ndugu zao husema tu "amewekewa chuma". Tunaandika kwa ajili ya madaktari wanaoanza, wauguzi wa chumba cha upasuaji, maafisa ununuzi wa hospitali, na ndugu wa mgonjwa waliopewa orodha ya vifaa vya kununua bila maelezo.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa pengo la pembeni, kuanzia nyuma ya jino la chonge hadi kona ya taya, ni kifaa tunachokiamini. Kwa pengo la kidevu, likitumika peke yake bila mfupa wa kupandikiza, hatulipendekezi kama suluhisho la kudumu, hata liwe la kampuni gani.

Hiyo 2.4 ni nini hasa

Hapa ndipo makosa ya ununuzi huanzia. Namba 2.4 ni kipenyo cha skrubu kwa milimita. Haihusu unene wa bamba. Bamba lenyewe, lile la kubeba mzigo wote, huwa na unene wa milimita 2.5 hivi, yapo pia ya milimita 2.0 kwa mapengo madogo au pale ambapo mfupa unapandikizwa siku hiyohiyo. Afisa ununuzi akiandika "titanium plate" bila zaidi, anaweza kuletewa vibamba vyembamba vya milimita 1 vinavyofungwa kwa skrubu za 2.0. Hivyo ni vizuri kwa taya lililovunjika kwa ajali, ambapo mfupa wenyewe unakutana na kusaidia kubeba mzigo. Kwenye pengo hakuna mfupa wa kusaidia, na kibamba hicho kitakatika.

Oda iliyokamilika kwa mgonjwa mmoja iwe hivi: bamba moja refu la kunyooka au lenye kona (kulia na kushoto si sawa, andika upande), skrubu za kujifunga 8 hadi 10 za urefu tofauti, skrubu 2 za akiba, biti mpya ya 1.8 ya kutobolea, kiongozi cha biti kinachojifunga kwenye tundu la bamba, na kigezo cha alumini laini cha kupimia umbo. Skrubu za milimita 10 hadi 14 ndizo hutumika zaidi. Za 8, 16 na 18 ziwepo chache. Umbali kati ya tundu na tundu kwa kawaida ni karibu milimita 8, kwa hiyo pengo la sentimita 8 litameza matundu kama 10 yasiyo na skrubu, na bado unahitaji matundu manne kila upande. Bamba la matundu 12 halitoshi kazi hiyo. Nunua refu, likatwe.

Kuhusu chuma chenyewe: bamba hutengenezwa kwa titani isiyochanganywa, kwa sababu inakunjika bila kukatika, na skrubu kwa titani iliyochanganywa na metali nyingine ili ziwe ngumu. Viwango vya kuulizia ni ISO 5832-2 kwa titani tupu na ISO 5832-3 kwa ule mchanganyiko wa alumini na vanadi. Mwuzaji aonyeshe pia usajili wa kifaa: Tanzania ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kisha kitazame kwa macho na vidole. Namba ya toleo iwe imechongwa kwenye bamba au kwenye pakiti, kingo ziwe laini, na nyuzi za matundu ziwe safi. Chukua skrubu moja, iingize kwa mkono kwenye tundu. Iende wima na kukaza bila kukwaruza. Bamba ambalo skrubu yake inayumba kabla hata halijafika kwa mgonjwa lirudishwe.

Faida ya skrubu za kujifunga

Bamba la zamani lilishikwa na skrubu kwa kubanwa dhidi ya mfupa. Umbo lake lisipolingana na mfupa sawasawa, skrubu zilipokazwa ziliuvuta mfupa kulifuata bamba, na meno yakaacha kukutana. Isitoshe mfupa uliobanwa ulimomonyoka chini ya chuma na skrubu zikalegea.

Katika mfumo huu kichwa cha skrubu kina nyuzi zinazoingia kwenye nyuzi za tundu la bamba. Skrubu na bamba vinakuwa kitu kimoja, na nafasi ndogo kati ya bamba na mfupa, ya milimita 1 hivi, haileti madhara. Hili ndilo linalotufanya tulipe alama ya juu kuliko yaliyolitangulia. Lakini lina masharti yake. Skrubu lazima iingie wima kupitia kiongozi cha biti. Daktari anayetoboa kwa kukisia, kwa sababu kiongozi kimepotea kwenye seti, ataona skrubu inakaza na kudhani imejifunga, kumbe nyuzi zimepishana. Skrubu ya namna hiyo huanza kutoka yenyewe baada ya wiki chache. Kama kiongozi hakipo, kwetu sisi seti hiyo haijakamilika na kazi isubiri.

Kukunja: nusu ya kazi iko hapa

Titani ina kumbukumbu mbaya ya kukunjwa. Kila mkunjo unaligandamiza upande mmoja na kulivuta upande wa pili, na ukilikunja kisha ukalirudisha pale pale, umepanda mbegu ya ufa. Mabamba mengi yaliyokatika ndani ya mwili hukatikia kwenye mkunjo mkali au kwenye tundu lililo jirani na ukingo wa pengo, mahali ambapo mzigo unakusanyika. Kwa hiyo kunja kwanza kile kigezo cha alumini juu ya mfupa mpaka kikae, ndipo ulikunje bamba kwa kukifuata, hatua ndogo ndogo, kutoka ncha moja kwenda nyingine. Tumia koleo mbili za mfumo huohuo. Matundu yatakayopokea skrubu yajazwe viziba vyake vya nyuzi kabla ya kukunja, ama mkunjo usipite kabisa kwenye matundu hayo. Tundu likipoteza uduara na kuwa la umbo la yai, skrubu haijifungi tena. Koleo za fundi wa kawaida huacha makovu juu ya chuma, na kila kovu ni mwanzo wa ufa.

Njia bora kuliko zote, na sasa si ya hospitali tajiri tu, ni kukunja bamba siku kadhaa kabla ya upasuaji juu ya taya la plastiki lililochapwa kwa printa ya 3D. Inahitajika picha ya CT yenye vipande vya milimita 1 au vyembamba zaidi. Kama uvimbe umelitanua taya, upande mzima hugeuzwa kwenye kompyuta kama picha ya kwenye kioo, uchukue nafasi ya upande mgonjwa, na bamba likunjwe kwa umbo hilo. Angalizo moja linalosahaulika: plastiki ya PLA hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na mtambo wa mvuke wa kutakasia vifaa hufika 121 au 134. Kielelezo cha PLA kisiingizwe humo. Bamba lililokwisha kukunjwa ndilo linaloingia.

Kwenye kidevu, ambako misuli na mafuta vimeondoka pamoja na uvimbe, likunjwe likae milimita chache ndani ya umbo la zamani la mfupa. Bamba linalosukuma ngozi kutoka ndani halina mwisho mwema.

Jinsi linavyowekwa

Mpira wa kupumulia wa nusukaputi upitishwe puani ili meno yaweze kufungwa kwa waya wakati wa kazi. Kwa kupitia shingoni, ngozi huchanjwa sentimita 2 hivi chini ya ukingo wa taya, kukwepa tawi la mshipa wa fahamu linaloinamisha pembe ya mdomo wa chini. Mfupa ukishaonekana, bamba huwekwa na matundu yote ya skrubu kutobolewa kabla ya kukata chochote. Hatua hii ndiyo inayotunza mkutano wa meno na mahali pa kichwa cha taya kwenye kiungo chake karibu na sikio. Kisha bamba linatolewa, mfupa unakatwa, uvimbe unatoka, bamba linarudi kwenye matundu yaleyale. Pale uvimbe ulipovimbisha ukuta wa nje wa mfupa kiasi kwamba bamba haliwezi kukaa, kazi hiyo hufanywa na bamba lililokunjwa mapema kwenye kielelezo, huku meno yakiwa yamefungwa kwa waya.

Kutoboa kufanywe kwa mwendo wa taratibu, maji ya chumvi yakimwagwa muda wote. Mfupa uliofikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, na skrubu iliyokaa kwenye mfupa uliokufa italegea hata iwe ya bei gani. Biti butu ndiyo chanzo kikubwa cha joto hilo, ndiyo maana tunasisitiza biti mpya. Skrubu zisipungue tatu kila upande; nne ni bora, na ya kwanza isikae ukingoni kabisa mwa mfupa uliokatwa. Zipite kuta zote mbili za mfupa, ya nje na ya ndani.

Mstari wa kukata upite kwenye shimo la jino lililong'olewa. Ukikata kati ya meno mawili yaliyobanana, jino linalobaki hupoteza ukuta wake wa mfupa, nalo hutoka baadaye na kuacha tundu linaloingiza mate kwenye bamba. Hospitali isiyo na msumeno wa umeme inaweza kutumia waya wa Gigli, yaani waya wenye makali unaovutwa kwa mikono kukata mfupa, na unafanya kazi nzuri mradi nyama za upande wa ulimi zikingwe na mikono ya anayevuta iwe mbali; waya unaokunjwa kona kali hupata moto na kukatika.

Ngozi laini ya mdomo ifungwe tabaka mbili, mate yasipite. Tukiulizwa ni jambo gani moja linaloamua kama bamba litadumu mwezi wa kwanza, jibu ni mshono huu, kabla hata ya chuma.

Ndugu wa mgonjwa waambiwe mapema pia kwamba mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya hukatwa pamoja na kipande. Upande huo wa mdomo wa chini na kidevu utakufa ganzi daima. Haitokani na bamba wala si kosa la upasuaji, lakini mtu asipoambiwa, ataamka na kuhisi ameumizwa.

Linaposhindwa

Kutokeza ndilo tatizo tunaloliona zaidi. Ngozi au fizi inakonda juu ya chuma, inakuwa nyekundu, kisha kitundu kidogo kinafunguka na kutoa majimaji. Hutokea zaidi kwenye kidevu, kwa wavutaji sigara, na kwa wagonjwa wa saratani waliopigwa mionzi. Kitundu kikionekana, usaha ukiwa haupo na skrubu ni imara, kusafisha na kufunika kwa nyama yenye damu ya kutosha kunaweza kuliokoa bamba. Dawa za vijiuasumu peke yake hazifuniki chuma, na kumpa mgonjwa vidonge mwezi baada ya mwezi ni kumchelewesha.

Kulegea kwa skrubu huonekana kwenye eksirei kama kivuli cheusi kuizunguka. Kukatika kwa bamba huja baada ya miezi au miaka, mara nyingi mgonjwa akiwa anajisikia vizuri: misuli imepata nguvu, anatafuna upande mzima, na chuma kinapinda na kunyooka mara maelfu kila siku bila mfupa wa kukisaidia. Atasema amesikia kitu kikilia "tak" akila, na tangu hapo meno hayakutani.

Kuna matumizi moja tunayoyakataa waziwazi. Kichwa cha taya kinapokatwa pia, huuzwa bamba lenye kichwa cha chuma cha kuingia kwenye kiungo. Kikikaa humo muda mrefu, chuma kinaweza kuula mfupa mwembamba wa sakafu ya fuvu juu yake. Kama ni lazima, kiwe cha muda, kwa kufuatiliwa, na kitu laini kiwekwe kati yake na fuvu.

Na kwa pengo la katikati kuna hatari iliyo kubwa kuliko chuma. Misuli inayoushika ulimi mbele imejishikiza nyuma ya kidevu. Kidevu kikiondoka, ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Misuli hiyo ishonewe kwenye bamba, na mgonjwa awekewe tundu la kupumulia shingoni kabla hajaamshwa. Hakuna sababu ya bajeti inayohalalisha kuruka hatua hii.

Bamba na mfupa

Bamba hununua muda. Kwa kijana wa miaka 25 aliyepona ameloblastoma, mwenye miaka 40 au zaidi ya kutafuna mbele yake, muda huo utumike kupanga mfupa. Pengo lisilozidi sentimita 5 au 6, lenye nyama nzuri na lisilo na usaha, linaweza kujazwa kwa mfupa wa nyonga. Mdomo ulipokuwa umefunguka wakati wa upasuaji wa kwanza, busara ni kusubiri miezi kadhaa fizi zipone, kisha kuuweka mfupa kwa kupitia shingoni pekee. Mate yakiugusa unaoza. Mapengo makubwa na ya kidevu yanahitaji fibula, ule mfupa mwembamba wa nje ya mguu, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini. Hutoa sentimita 20 na zaidi, huku sentimita 6 hadi 8 zikiachwa juu na chini ili kifundo na mshipa wa fahamu wa goti visiharibike. Njia hii ilianza kutumika kwa taya mwaka 1989 na imebaki kuwa bora zaidi. Inataka timu mbili na saa nyingi, kwa hiyo si kila hospitali inayoweka bamba inaiweza, na ni haki ya mgonjwa kuulizia rufaa kabla ya kukatwa.

Matunzo nyumbani

Siku 7 hadi 10 za kwanza chakula hupita kwenye mpira wa puani. Baada ya hapo ni vyakula vya kunywa na vya kupondwa hadi wiki ya 6: uji wa maziwa, mtori uliosagwa, supu iliyochujwa, maharage yaliyopondwa na mafuta kidogo. Uji mtupu wa maji na sukari haujengi kidonda. Mdomo usukutuliwe kwa klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 mara mbili kwa siku, na kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Mahindi ya kuchoma, miwa na mifupa viachwe kabisa mpaka mfupa upandikizwe na kushika. Mazoezi ya kufungua mdomo mbele ya kioo yaanze daktari akiruhusu, kwa sababu taya huvutika kuelekea upande uliokatwa na tabia hiyo ikishazoeleka ni vigumu kuirekebisha.

Picha ya MRI inaruhusiwa, titani haivutwi na sumaku, ila itaacha kivuli karibu na taya. Eksirei ya taya zima ipigwe baada ya upasuaji, kisha kila mwaka kwa angalau miaka 10, kwani ameloblastoma hurudi hata mtu alipokwisha kuisahau.

Jambo la mwisho tunalolidai kwa kila muuzaji na kila wodi: mgonjwa aondoke na karatasi yenye jina la mfumo wa bamba, namba ya toleo, idadi na urefu wa skrubu, na aina ya kichwa chake. Vichwa vya skrubu hutofautiana, vingine vya msalaba, vingine vya nyota, na bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Bamba likikatika miaka mitano baadaye katika mkoa mwingine, daktari asiye na karatasi hiyo atafungua shingo kisha agundue kuwa hana kifaa cha kulitoa.